Bagno Vignoni, kijiji chenye bwawa la maji moto katikati

Jamani, mkifika Toscana, Italia, msiishie Florence na Siena tu. Teremkeni hadi bonde la Val d'Orcia mkaone Bagno Vignoni. Pale katikati ambapo vijiji vingine vina uwanja wa watu kukutana, hiki kina bwawa kubwa la mstatili lililojengwa karne ya 16, na nyumba za mawe zimelizunguka. Maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la karibu nyuzi 50, na asubuhi ya baridi mvuke hutanda hadi milangoni.

Warumi walioga hapa. Baadaye wakaja mahujaji wa Via Francigena, njia ya kwenda Roma, na Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, akaja kutafuta nafuu ya maradhi yake. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Mtakatifu Katerina wa Siena: mama yake alimleta akitumaini starehe za hapa zitamtoa kwenye wazo la utawa. Binti akaenda kujiweka pale maji yanapounguza zaidi!

Siku hizi ni marufuku kuoga kwenye bwawa hilo. Nilitembea hadi ukingo wa genge, maji yanakoteremka kuelekea mto Orcia, nikatia miguu kwenye mfereji. Uvuguvugu mtamu, na chokaa nyeupe imeganda kwenye mwamba. Chini yake kuna vinu vya kusagia vya zama za kati, vilivyoendeshwa na maji hayo na kuchongwa mwambani. Chemchemi haikauki, kwa hiyo vilisaga nafaka hata kiangazi, mito mingine ilipopungua. Mimi vinu hivyo vilinivutia kuliko hata bwawa lenyewe.