Siku Steringi Alipokufa

Sisi watoto wa Kongwa, Dodoma, tulikuwa na kanuni moja tukiingia kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Apigwe, afungwe, aning'inizwe, mwisho atatoka na adui atajuta. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nje kuliko bunduki za kwenye mkanda.

Jumamosi hiyo mwenye kibanda aliweka Sarafina!, picha ya mwaka 1992 inayohusu wanafunzi wa Soweto na maasi yao ya 1976. Babu aliposikia ni habari za Sauzi akasema tunakwenda wote. Wapigania uhuru wa ANC ya huko Sauzi walipiga kambi Kongwa miaka ya 60, pamoja na wa FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia, naye enzi hizo aliwauzia maziwa.

Alipotokea mama yake Sarafina, mtumishi wa ndani kwa Wazungu, Babu aliruka. "Si Miriam Makeba huyu? Yule wa Malaika!"

"Mzee, tunaangalia," mtu akamwambia kutoka nyuma.

Karibu yetu alikaa dada mmoja wa mtaani, karudi majuzi kutoka Dar alikokuwa akifanya kazi za ndani, kama wasichana wengi wa kwetu. Sarafina alipoanza kuona haya kwa kazi ya mama yake, dada yule akasonya. "Na hiyo sare ya shule kanunua nani?"

Halafu wanafunzi wakamchoma moto Sabela, askari mweusi mwenzao. Kibanda kizima kikashangilia, mimi nikiwemo. Babu hakushangilia. Aliuliza tu kama yule bwana ana watoto, na hakuna aliyejishughulisha kumjibu.

(Nyimbo zenyewe ni tamu mno. Hadi leo nikiirudia nahisi zinakurahisishia mambo ambayo hayakupaswa kurahisishwa.)

Kilichotuudhi kweli ni mwalimu. Whoopi Goldberg, aliyemwigiza, tulishamjua kwa sura, kwa hiyo tulikuwa tumempa usteringi tangu dakika ya kwanza. Polisi wakamkamata, tukasubiri atoroke. Hakutoroka. Akafia mikononi mwao, tena bila hata kuonyeshwa.

Picha ilipokwisha vijana walimzingira mwenye kibanda wakidai hela zao. Akaapa kwamba steringi ni yule binti, na binti kapona. "Kapona wapi?" wakambana. "Kapigwa shoti za umeme, kisha hajalipiza!"

Hela hawakurudishiwa.