Waranti ya faini ya elfu mbili

Mwaka jana nilipewa notisi ya trafiki kwa kuongea na simu mkononi huku naendesha tukutuku. Kwenye kanuni za makosa madogo za 2016, faini yake ni shilingi 2,000. Notisi inakupa njia mbili: ukubali kosa na ulipe, au ufike mahakamani siku iliyoandikwa. Sikufanya hata moja. Wiki ile mamangu alikuwa amelazwa, na ile karatasi ikakaa mfukoni mwa shati mpaka ikafuliwa nalo.

Miezi minne baadaye nimetoka sokoni Kongowea, Mombasa, nimembeba mama mmoja na ndoo yake ya samaki. Naishukia Buxton kutoka daraja la Nyali, askari akaninyooshea mkono.

"Leseni."

Nikampa. Akaitazama, akatazama simu yake. "Wewe una waranti ya kukamatwa. Hukulipa faini. Weka tukutuku kando tuongee."

Moyo ulinipiga. Yule mama akateremka kimya, akanilipa, akaangalia pembeni. Askari akasogea karibu: "Elfu mbili hapa hapa, uende zako."

Nakiri pesa nilikuwa nazo, na mkono ulishafika mfukoni. Ila faini ni ya mahakama, si ya mtu aliyesimama barabarani. Ningempa yeye, waranti ingebaki vilevile, na kesho mwingine angenisimamisha. Tena Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji.

Nikamwambia kwa adabu, "Afande, kama nimekamatwa, niambie ni kwa kosa gani. Na waranti naomba niione."

Akakasirika, akaniuliza nimekuwa wakili lini. Sikumjibu. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia. Waranti nayo, ukiomba kuiona, uonyeshwe. Hapa madereva wengi hukosea: askari asipokuwa na karatasi mkononi, bado anaweza kukukamata akiwa na sababu ya kuamini kwamba imetolewa. Kwa hiyo usishikane naye mashati. Panda gari, uiombe tena kituoni.

Nilimpigia ndugu yangu kabla hatujaondoka. Naye ana leseni. Akaja kituoni akachukua tukutuku, kwa kuwa waranti ilikuwa yangu mimi na chombo hakikuwa na kosa.

Kituoni afande wa zamu, mwanamke mtu mzima, alikuwa mtu wa haki. Aliifungua faili, akanigeuzia karatasi: jina langu, namba ya kesi, muhuri wa mahakama. Nikahakikisha jina langu limeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, pamoja na saa niliyofika, maana saa 24 za kufikishwa mahakamani huanza kuhesabika unapokamatwa. Zikiisha nje ya saa za kazi, unapelekwa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu. Mimi ilikuwa Jumanne, nikashukuru Mungu.

Saa nane mchana nilisimama mbele ya hakimu. Akaniuliza kwa nini sikufika. Nikamweleza habari za mama, nikamwonyesha karatasi za hospitali alizokuja nazo ndugu yangu. Akaondoa waranti, nikasomewa shtaka, nikakubali. Shilingi 2,000. Nililipa kwa M-Pesa kwenye akaunti ya mahakama, nikasubiri nusu saa kwa karani mpaka risiti ikatoka, ina namba ya kesi yangu.

Risiti hiyo nimeipiga picha, nakala nimempa ndugu yangu, na yenyewe nimeitia nailoni nikaiweka pamoja na stika ya bima. Juzi nimesimamishwa tena pale pale Buxton, askari mwingine. Akatazama leseni, akatazama simu, akanirudishia. "Haya, twende."