Kona Zote Nne

Novemba ya mwaka 2004, vuli ikiwa imeshika, fundi mmoja alituokota vijana wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, tukapanda matatu hadi Kitengela, kusini kidogo mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Kibarua kilikuwa kuzungushia ploti seng'enge: chimba, simamisha nguzo, kaza waya. Malipo jioni.

Asubuhi moja tulikuta kundi la punda milia limesimama mbele ya waya wa jana. Jike aliyetangulia alinyoosha shingo, akanusa waya wa chini, akakoroma, akarudi nyuma, akaja tena. Mtoto wake, milia bado ya hudhurungi, alijaribu kupenya. Miba ikamng'oa manyoya mgongoni, akaruka kando. Swala tomi wao waliinama wakapita chini kwa chini. Pofu angeruka, na ule uzito wake wote. Punda milia kwa kawaida haruki ua.

"Kwani hawa hawana mbuga yao?" mwenzangu akauliza.

Mzee wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mbuzi hapo alicheka. "Kijana wangu, ile ni ya kiangazi. Sasa wanafuata mvua."

Mbuga yenyewe ni kilomita za mraba 117 tu, ina ua pande tatu, na kusini ndiko iko wazi. Mvua ikinyesha, wanyama huvuka Mto Mbagathi kufuata nyasi fupi za tambarare za Athi na Kapiti, ambako simba huonekana kwa mbali. Mzee alisema usiku wanyama hao hulala karibu na boma lake, maana simba anaogopa mikuki, "na hawa wanajua." Nyasi nono kuliko zote, aliongeza, huota palipokuwa na boma la zamani, juu ya samadi.

Yeye alikuwa akilipwa na wahifadhi wa wanyamapori dola 4 kwa ekari kwa mwaka asizungushie ardhi yake ua. Mimi, mtoto wa mabati, niliona wazi pesa hiyo haiwezi kushindana na mnunuzi wa ploti. Na nyumbu wa tambarare hizo, waliozidi 20,000 huko mwishoni mwa miaka ya 1970, sikumwona hata mmoja.

Mzee akaomba tuache uchochoro upande wa korongo. Fundi, muungwana yule, akampigia mwenye ploti. Simu haikuchukua hata dakika: amelipia kona zote nne, akasema, na zote nne zifungwe kabla ya Jumamosi.