Siku Moja ya Mwalimu wa Pikipiki, Tabata

Saa 11:30 alfajiri. Uwanja wetu wa mafunzo ya pikipiki upo Tabata, Dar es Salaam, si mbali na Barabara ya Mandela, na kabla mwanafunzi yeyote hajafika ni lazima nikague upepo wa matairi, mnyororo, taa, breki na waya wa klachi. Waya huo ndio unaoteseka kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu mwanafunzi mgeni huibana na kuiachia klachi kutwa nzima.

Saa 1:00 asubuhi. Wanafunzi wapya huondoka kwa gia ya kwanza, husimama, huondoka tena, kisha huzunguka koni kwa mwendo wa taratibu huku nikiwakumbusha kutazama wanakokwenda badala ya kutazama tairi la mbele. Wapita njia husimama na kuuliza kama kweli mtu mzima hulipa fedha ili azungushwe kwenye koni. Nimeacha kuwajibu. Anayeweza kugeuza pikipiki polepole bila kukanyaga chini ameshaifahamu klachi, na hataangusha abiria kwenye foleni ya Buguruni.

Saa 3:00 ndipo alipowasili mteja aliyeimeza asubuhi yangu. Ni dereva wa bodaboda wa miaka mingi, amenizidi umri, na alihitaji cheti cha mafunzo ili akatahiniwe na Polisi wa Usalama Barabarani, kisha apate leseni ya daraja A kutoka Mamlaka ya Mapato. Swali lake la kwanza lilikuwa cheti kinatoka lini. Nilipomwomba afunge mkanda wa kofia ngumu, alinitazama kama niliyemwambia avae bibu.

“Mdogo wangu,” alisema, “mimi nilikuwa barabarani wewe ukiwa shuleni.”

Nilimjibu kwamba naheshimu uzoefu wake, kaka, na kwamba leo tungeanza na breki. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kwani kama madereva wengi wa vijiweni, anaamini kuwa breki ya mbele humrusha mtu, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo amekuwa akitegemea mguu wa kulia peke yake. Nilipanga koni na kumwomba aje kwa kilomita 40 kwa saa, kisha asimame kwa namna aliyoizoea. Tairi la nyuma lilijifunga, likaserereka upande, naye akazipita koni zote. Alidai kuwa uwanja una vumbi. Tukahamia kwenye kipande cha lami, matokeo yakawa yale yale, na safari hii alilaumu tairi.

Nilimweleza kwamba pikipiki inapopunguza mwendo uzito huegemea mbele, tairi la nyuma huwa jepesi na kuserereka kirahisi, ilhali la mbele hukandamizwa chini na kushika barabara, ndiyo maana nguvu kubwa ya kusimama hutoka mbele. Kinachomwangusha mtu ni kuinyakua breki hiyo kwa ghafla, hasa usukani ukiwa umekatwa. Inatakiwa ibanwe kidogo kidogo, ikiongezewa nguvu kadiri uzito unavyohamia mbele, pamoja na breki ya nyuma kwa kiasi. Nilimwonyesha mwenyewe. Alisema mimi nimezoea. Akauliza kuhusu abiria, na hilo lilikuwa swali la dereva hasa: abiria huongeza uzito nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma hufanya kazi zaidi, lakini mzigo wote umeongezeka na nafasi ya kusimama inapaswa kuongezeka pia. Aliuliza pia kuhusu mchanga, na hapo nilikubaliana naye kwamba mkono wa breki ya mbele uwe mwepesi mno. Ubishi wake ulikuwa na ukweli ndani yake, ingawa aliutumia kukataa kila kitu kingine. Ilipokaribia saa sita, alijaribu kwa ukaidi, akabana taratibu, akasimama kabla ya koni ya mwisho. Hakusema neno. Aligeuza pikipiki na kurudia bila kuambiwa.

Nilikula wali na maharage kwa mama ntilie nikiwa nimesimama, shati limeloa jasho. Joto la mchana likichanganyika na ubishi wa asubuhi huchosha kuliko kuendesha kwenyewe.

Alasiri niliwatoa barabarani wanafunzi waliokomaa. Barabara ya Mandela hubeba malori ya makontena kutoka bandarini, na somo kubwa pale ni mahali pa kukaa: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, yeye hakuoni wewe. Wanafunzi hupenda kupenya kushoto mwa lori lililosimama, ilhali likikata kona kushoto, tela hufuata njia ya ndani zaidi kuliko kichwa chake na kumfinya aliyejibanza hapo. Foleni ilitushika muda mrefu, moshi ukatujaa, na mvua nyepesi ikaanza. Manyunyu ya mwanzo ni mabaya kwa sababu huinua mafuta yaliyomwagika kwenye lami, na mistari iliyopakwa rangi huteleza, hivyo niliwaamuru waongeze nafasi na wasikate kona kwa nguvu. Mmoja alinung’unika kuwa bodaboda wengine wanatupita. Nilimwambia awaache wapite.

Tuliporejea giza lilikuwa limeingia, mgongo unauma, na koni bado zilihitaji kukusanywa. Simu ikaita: mwenye pikipiki kadhaa za mkataba anataka madereva wake wote wafunzwe kwa nusu siku na wapewe vyeti jioni. Nilimweleza kwamba nusu siku hunitosha kwa breki tu, tena kama hakuna mbishi. Akasema atanipigia baadaye. Nilimalizia koni, nikabadilisha waya wa klachi wa pikipiki ya pili, nikafunga geti.