Swali Lililokwama Molo

Januari 2018 nilikuwa mtu wa kompyuta katika ushirika wa maziwa hapa Nakuru. Wakulima 140 wa upande wa Molo walipimiwa maziwa kituoni kwao asubuhi na jioni, na kila kipimo kikaingia kwenye seva ya huko huko. Malipo yakafanyiwa Nakuru. Zamani hesabu zilikuja kwa flashi, mkononi mwa kondakta wa matatu, na mwezi mmoja ile flashi ilipotea. Wakulima walingoja siku tisa. Sikutaka hilo litokee tena.

Ndipo nikaweka postgres_fdw, nyongeza ya kusoma data iliyo kwenye seva nyingine, inayokuja pamoja na Postgres, programu yetu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Unaitajia seva ya mbali, unampa mtumiaji nywila yake, kisha amri ya IMPORT FOREIGN SCHEMA inakuletea majina ya majedwali yote. Jedwali la Molo likaonekana Nakuru kama la nyumbani, ingawa hakuna rekodi hata moja iliyohamia. Ukiuliza, Postgres ndiyo inayokwenda kuuliza kule. Nilipoijaribu kwa rekodi chache nilifurahi mno.

Siku ya malipo swali langu la kuomba vipimo vya mwezi uliopita likakwama. Dakika kumi, kumi na tano, modemu ikakatika, nikaanza upya. Kwenye benchi alikaa mzee aliyetoka Molo alfajiri, na barua ya mjukuu wake ya kuingia kidato cha kwanza ikiwa kwenye karatasi ya nailoni.

“Kijana wangu, hiyo mashine imelala?”

“Hapana mzee, bado inasoma.”

Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikalipitisha swali kwenye EXPLAIN VERBOSE, amri ya kuonyesha mpango wa swali bila kuliendesha, nione kinachotumwa Molo hasa. Kwenye mstari wa Remote SQL kulikuwa na SELECT tupu, yaani ombi la kuleta rekodi zote. Sharti langu la tarehe halikuwepo!

Kosa lilikuwa now(), yaani tarehe na saa ya sasa hivi. Sikuandika tarehe, niliacha mwezi uliopita uhesabiwe kutoka now(), nisiwe nabadilisha swali kila mwezi. Lakini jibu la now() hubadilika, na sharti lenye kitu cha namna hiyo postgres_fdw hailitumi ng'ambo. Huvuta jedwali lote, ikachuja hapa. Ni kumtuma mtu debe la viazi Molo, akakuletea lori zima uchague mwenyewe. Jedwali lilikuwa na rekodi 412,000, na bila kuambiwa vingine huzichota 100 kwa safari moja: safari 4,120. Kila safari ilichukua kama theluthi ya sekunde kwenye modemu ile, kwa hiyo zaidi ya dakika 22, na modemu haikuwahi kuvumilia muda huo.

Nikafuta now(), nikaandika kuanzia '2017-12-01' mpaka '2017-12-31', na fetch_size, idadi ya rekodi kwa safari moja, nikaipandisha hadi 10000. Nikatazama Remote SQL tena: WHERE, neno linalotangulia sharti, ilikuwa pale, na tarehe zangu zote mbili. Rekodi 8,680 zikafika kwa mkupuo mmoja, kabla sijavuta pumzi sawasawa.

Mama mhasibu akaanza kutuma pesa. Simu ya mzee ikalia. Hakuwa na miwani, akaninyoshea niisome. Nikamsomea kiasi, akaniomba nirudie, nikarudia polepole, huku yeye akihesabu karo kwa vidole.