Land Rover imetoka ovahoo, inakunywa oili

Jamani hii Land Rover 109 ya marehemu babu, Series III ya 1978, injini ile ya petroli 2.25, imetoka ovahoo juzi juzi, ringi mpya za pistoni, bloku imechongwa, hela yote imeishia humo, nafika kilomita 300 nachomoa stiki ya oili imeshuka lita nzima. Nikaongeza. Kilomita 300 nyingine, lita nyingine. Chini hakuna hata tone, kwa hiyo haivuji, inaungua.

Fundi akasema, "Kaka, ringi bado changa hizo, we tembeza tu zitakaa." Siyo uongo, ringi mpya lazima zisagane na ukuta wa silinda, na hazitaki kubembelezwa, zinataka mzigo, ukanyage uachie, siyo gari inaunguruma getini saa nzima. Ila nimeshapita 1,000 na oili inashuka vilevile. Kumbana, akasema basi tushushe injini. Nikagoma.

Nikaazima geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo ndani ya kila silinda, zikasoma psi 135, 130, 135, 135. Kitabu kinataka zaidi ila Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi. Nikamwaga kijiko cha oili kila silinda nikapima tena, ikapanda kiduchu tu, ringi zingekuwa zinavujisha ingepanda sana. Ringi za juu zinabana. Shida ni kwamba ringi ya oili, ile ya chini kabisa, geji haiioni, inaweza kufungwa hovyo na namba zikasoma freshi.

Basi nikapanda nayo Ilboru, dogo yuko nyuma na bodaboda anaangalia ekzosi. Kupanda, gia namba mbili, nimekanyaga mpaka chini: hamna kitu. Kushuka nikaachia mafuta gia ikashikilia gari mpaka mteremko ukaisha, halafu nikakanyaga ghafla. Wingu la bluu! Dogo akapaki pembeni anakohoa. Mafuta yakifungwa na injini inashikilia gari, inavuta kwa nguvu upande wa valvu za kuingizia, sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke na shina la valvu, zikiwa zimechoka inanyonya oili ya kwenye hedi. Ringi zikiwa ndo mbovu mara nyingi moshi unauona kwenye mlima. Na kweli, kila asubuhi ikiwaka ilikuwa inatoa bluu kidogo inatulia, mimi naona kawaida tu.

Kufungua kava ya juu, sili ngumu kama plastiki ya ndoo. Za zamani zilezile! Bloku ilipewa kila kitu, hedi ikasagwa valvu tu ikarudishwa.

Hedi hatukuitoa. Unaingiza kamba ya nailoni kwenye tundu la plagi, unazungusha injini na hendeli mpaka pistoni ibane kamba, valvu inashikiliwa haidondokei ndani, unatoa springi unaweka sili mpya. Valvu nilizitikisa kwanza, hazichezi sana, zingecheza hedi ingetoka tu hakuna ujanja.

Leo nina kilomita 600 tangu siku hiyo, stiki imeshuka kama upana wa kucha. Nikamwonesha fundi. "Si nilikwambia ringi zitakaa?"