"Huyo umemdekeza" na hadithi nyingine nilizozikataa

Nina watoto watatu, na kwa kila mmoja nimeshaambiwa kwamba nimemharibu. Wa kwanza aliitwa mzito, wa mwisho mchoyo, kisha yule wa kwanza alipofika kidato cha kwanza akapandishwa cheo, akawa mvivu. Mahakimu ni walewale miaka yote, na hukumu wanazitolea kwangu, wakinywa chai yangu.

Wa kwanza alitimiza mwaka na miezi miwili hajatembea. Wifi yangu akaja na jembe. Sitanii. Alitaka kuchimba shimo uani, mtoto asimamishwe ndani, afukiwe mchanga hadi kiunoni, "miguu ipate nguvu." Nesi wa kliniki ndiye aliyeniokoa: watoto wazima kabisa huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi, na Shirika la Afya Duniani lilipata makadirio hayo kwa kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Niliposikia Oman nikajua nimeshinda, maana wifi ana jamaa zake Maskati, na jambo la Maskati halipingi. Jembe likarudi kwao. Mwezi uliofuata mtoto akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. (Ikipita miezi 18 hatembei, mpeleke kliniki. Shimo bado usichimbe.)

Sasa kisa cha juisi. Ilikuwa Ramadhani, kitinda mimba ana miaka 4, dada yake 8, na kwangu bilauri hazifanani hata mbili. Dada akapewa juisi ya ukwaju kwenye bilauri ndefu nyembamba, mdogo kwenye kikombe kipana cha plastiki. Kilio. "Ya dada nyingi!" Nikachukua kikombe cha chai, nikapima mbele ya macho yake: kimoja chako, kimoja cha dada. Akakubali. Nikamimina tena kila mtu kwenye chombo chake, na kilio kikaanza upya, safari hii kwa kugaragara. Baba yake akaja na akili zake za ufundi. Akaleta chupa ya maji ya nusu lita, akaichora mstari kwa kalamu, akapima ya huyu, akapima ya yule, akaeleza kama anamweleza mteja kwa nini bei imepanda. Mtoto alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye bilauri ndefu: "Ya dada nyingi."

"Mchoyo huyo, mwanangu," mama mkwe akasema kutoka mkekani. "Mnyime kabisa, atashika adabu."

Mpwa wangu, aliyekuwa anasomea ualimu wa awali, alicheka mpaka kaimati ikampalia. Mambo hayo wamefundishwa chuoni. Jean Piaget wa Uswisi aliwafanyia watoto jaribio hilohilo, kumimina maji kutoka chombo hiki kwenda kile, akaona kwamba kabla ya miaka 6 au 7 mtoto hushika jambo moja tu, kimo cha maji, na upana wa chombo hauhesabu. Kwa hiyo uchoyo haupo. Anaona kwa macho yake kwamba ile ni nyingi, wewe unamweleza mstari wa kalamu!

Kesho yake nikaenda dukani nikanunua bilauri ndefu kuliko zote, nyembamba kama mshumaa, buku mbili na kitu. Nikaitia juisi kidogo kuliko ya jana. Akaipokea kwa mikono miwili, akamtambia dada yake. Dada akanitazama, nikamkonyeza. Nikahamia kwenye chapati: nusu chapati iliyokatwa vipande vinne ilimridhisha kuliko chapati nzima. Nimeutumia ujanja huo mpaka mwaka huu. Juzi, keshatimiza miaka 7, amenitazama namimina, akasema, "Mama, si ileile tu? Bilauri ndiyo nyembamba." Basi, tumerudi kugawana kwa haki.

Mkubwa naye, alipoingia miaka 13, akawa anavunja vikombe na kugonga fremu za milango. Wifi akasema kachezewa na wachawi. Wala. Wakati wa balehe nyayo na viganja hutangulia kukua, mikono na miguu inafuata, kiwiliwili kinakuja baadaye. Mtoto anaendesha mwili ambao hajauzoea. Nikampa kikombe cha bati. Viatu vya shule nanunua wiki ya mwisho kabla ya kufungua, kwa sababu vya mwanzo wa likizo havimtoshi siku ya kufungua.

Na huo uvivu wa asubuhi? Nilishauriwa nimmwagie maji. Kumbe katika umri ule mwili unachelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi usiku. Saa tatu unamwambia lala, anahesabu mabati ya paa. Na bado anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, wakati shule haimngoji. Simu yake sasa inalala chumbani kwangu, alinuna karibu mwezi. Asubuhi chai anakunywa barazani, juani. Jumamosi namwacha hadi saa mbili na nusu. Akifika saa sita, Jumapili usiku atakesha. Bado anaamka kama aliyefufuliwa, lakini basi halimwachi.

Ukitaka kumsemesha wa umri huo, usimkalishe kitini mkatazamana. Mpe samaki wa kuparua, nawe shika wako. Mambo ya shuleni yote niliyonayo nimeyapata kwenye magamba.

Wa kati sasa ana miaka 11, ameanza kujifungia chumbani, na mama mkwe ameshaanza kile kikohozi chake cha kutoa ushauri. Nimemwahi. Kitasa kipya nimenunua, elfu kumi na kitu, na ufunguo wa akiba ninao mimi.